Bastola Mpya Katika Ukungu wa Vuga

Umeshahangaika vya kutosha. Barua ya mtendaji wa kijiji, kikao cha kata, kamati ya usalama ya wilaya, alama za vidole, picha za pasipoti, njoo Jumatatu, njoo Alhamisi. Hatimaye umeteremka mjini, umenunua, umepanda basi la kurudi, na katika kona zote za kutoka Mombo hadi Soni umelikumbatia begi mapajani kama mtu aliyebeba trei ya mayai. Sasa uko nyumbani Vuga, mlango umefungwa, kasha liko mezani. Tuanzie hapo.

Usitie risasi. Si leo wala kesho. Risasi zifungie chumba kingine, kisha kaa na chuma kitupu na kitabu chake cha maelekezo. Usiku wa kwanza kazi ni moja tu, kujua kwa hakika kwamba haina kitu ndani. Elekeza mdomo wa mtutu mahali ambapo hata ikilia haitamdhuru mtu, kidole kikae mbali na triga, chomoa magazini, vuta slaidi hadi mwisho, kisha angalia ndani ya chemba kwa macho na uiguse kwa ncha ya kidole kidogo. Angalia tena. Mpangilio huo usiugeuze hata siku moja. Ukivuta slaidi kabla ya kuchomoa magazini, umetoa risasi moja na kwa mkono huohuo umeingiza nyingine, na wengi waliojipiga wakisafisha walijipiga hivyo, wakiwa na uhakika kwamba wameshaipakua. Rudia mara ishirini. Halafu zima taa urudie kwa kugusa, maana umeme wa huku ukiondoka hauagi.

Jirani yangu, mzee aliyestaafu jeshini, alinikuta siku ya pili naigeuzageuza ile bastola barazani. Alisimama pembeni, si mbele yangu, akaniambia, “Mwanangu, hiyo si simu. Simu unaichezea mpaka uijue. Hiyo unaijua kwanza, na ukishaijua hutataka kuichezea.” Aliniamuru niingie ndani. Nikaingia.

Kanuni za usalama utazisikia popote, na nyingi zimetokana na zile nne zilizoenezwa na Mmarekani Jeff Cooper: ichukulie kila bunduki kuwa ina risasi, usiuelekeze mtutu kwa kitu usichotaka kukiharibu, kidole kisiguse triga hadi uwe umelenga, na jua unalenga nini na nyuma yake kuna nini. Tatu za kwanza ni zilezile Vuga na Texas. Ya nne ndiyo inayotaka akili ya mtu wa milimani. Angalia nyumba zetu zilivyokaa. Uwanja wangu uko juu ya paa la jirani, na uwanja wake uko juu ya paa la mwingine, hadi bondeni kwenye migomba. Risasi ya milimita 9 inaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja kabla ya kuanguka. Ukuta wa fito na udongo hauizuii, na mlango wa mbao ni kama karatasi. Ukiikosa shabaha kwenye uwanda, huenda ikaishia vumbini. Ukiikosa hapa, imeingia jikoni kwa mtu. Kwa hiyo kabla hujajifunza kupiga, zunguka nyumba yako mchana ujiulize kwa kila mlango na kila dirisha: nikielekea huku, nyuma yake yuko nani? Mimi nilipomaliza kuzunguka nilikuta upande mmoja tu ambao ningethubutu, nao ni ule wenye ukingo wa udongo nyuma ya banda la mbuzi.

Sasa kutu. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu vitabu vya bastola vimeandikwa na watu wasiojua Juni ya Usambara. Ukungu unapanda asubuhi kutoka mabondeni, unaingia kwa mlango, unalala kwenye blanketi. Nguo hukauka siku tatu. Mimi nilinunua ala nzuri ya ngozi, nikaiweka bastola ndani yake, nikaifungia kabatini nikijiona mtu makini. Baada ya wiki tano nilipoitoa, ubavu wa slaidi ulikuwa na vidoa vya rangi ya chai ya maziwa, na mahali nilipokuwa nikiishikia palikuwa na alama za vidole vyangu zilizochorwa kwa kutu, kila mstari ukionekana, kama zile nilizoziacha polisi. Ngozi hunywa unyevu na kuutunza. Ala ni ya kubebea. Ya kulalia si hiyo. Bastola ilale kwenye kitambaa kikavu ndani ya kasha la chuma, pamoja na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, ambavyo watu huvitupa bila kujua ni dhahabu. Kila baada ya kuigusa, ifute. Jasho la mkono lina chumvi.

Kuna pia jambo la Mombo. Ukiteremka na bastola yako kutoka kwenye baridi yetu hadi kwenye joto la uwandani, au ukaitoa kwenye baridi ya nje ukaiingiza chumba chenye moto na sufuria inayochemka, chuma hutoa jasho kama chupa ya soda. Utaiona imelowa ilhali mvua haijanyesha. Usiifungie kasha hapohapo. Ipakue, ifute, iache mbele ya macho yako ipate joto la chumba, ifute tena, ndipo uipake mafuta.

Mafuta nayo yana makosa yake. Nimeona mtu akipaka mafuta ya kula, na mwingine samli, kwa hoja kwamba mafuta ni mafuta. Hayo hugeuka gundi. Tafuta mafuta ya bunduki, na ukikosa kabisa, mafuta mepesi ya cherehani yatakuvusha kwa muda. Tone moja kwenye kila reli ya slaidi, tone pale mtutu unaposuguana na slaidi, kisha futa hadi uone mng’ao tu bila ulowevu. Ndani ya mtutu pitisha brashi, halafu vitambaa hadi kimoja kitoke kisafi, na cha mwisho kiwe na mafuta kidogo sana. Risasi zenyewe usizipake chochote. Mafuta hupenya taratibu pale kwenye kitako cha ganda, yakaifanya isilie siku unayoitaka, au ikalia nusu na kuacha kichwa cha risasi kimekwama ndani ya mtutu. Ukisikia mlio mdogo usio wa kawaida, simama hapohapo. Usifyatue nyingine. Ipakue na utazame mtutu.

Wazee wa hapa wangekuelewa upesi ukiwaeleza habari hii ya silaha kumgeukia mwenyewe. Vuga ilikuwa makao ya wafalme wa ukoo wa Kilindi, na bunduki haikuwa ngeni kwao. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyefika mwaka 1857, aliandika kwamba mfalme Kimweri ye Nyumbai alikuwa na watu 400 wenye bunduki. Lakini nguvu ya Kimweri ilikuwa mvua na kodi na ndugu aliowasambaza milimani kote kutawala. Alipofariki mwaka 1862, mwanawe Semboja, aliyekaa Mazinde kule chini karibu na njia ya misafara, ndiye aliyekuwa na mlango wa baruti na bunduki za pwani. Alipanda na jeshi, Vuga ikachomwa moto, na mfalme kijana Shekulwavu akakimbia. Mji ulijengwa tena lakini heshima yake ya kwanza haikurudi. Silaha ilipanda kutoka bondeni kama ulivyopanda wewe na begi lako, na aliyeangukiwa alikuwa wa nyumba moja na walioileta. Nayasema haya kwa kupita tu. Turudi kwenye meza.

Swali ambalo kila mwenye bastola mpya huuliza kabla hata ya kuipiga ni hili: nibadilishe nini? Ameona picha za watu wenye triga za rangi, mitutu ya dhahabu, taa, miali myekundu. Jibu langu, kwa miezi sita ya kwanza, ni karibu hakuna. Hujui bado kama kasoro iko kwenye chuma au kwenye mkono wako, na mara nyingi iko mkononi.

Yapo machache ya kufanya. Angalia kishikio kama kinalingana na kiganja. Bastola nyingi za siku hizi huja na vipande viwili vitatu vya kubadilisha mgongo wa kishikio, vimo ndani ya kasha na watu hawavitazami. Shika bastola tupu ili mtutu unyooke na mfupa wa mkono, kisha uone kama ncha ya kidole cha shahada inafika kwenye triga bila kuukunja mkono. Ikibidi uuzungushe mkono ndipo kidole kifike, kipande ni kinene. Ikiwa kidole kinapitiliza hadi kwenye kiungo, ni chembamba. Dakika kumi, bure.

La pili ni alama ya mbele ya kulengea. Katika mwanga wetu wa ukungu kile kidoa cheupe cha kiwandani hupotea kabisa. Nilichukua rangi ya kucha ya binti yangu, ya machungwa inayowaka, nikaweka tone moja kwa kijiti cha kiberiti. Alinidai chupa nzima. Lakini jicho langu sasa linaiona alama ile kabla ya kitu kingine chochote, na nikichoka nayo naifuta kwa dawa ya kuondolea rangi hiyohiyo.

La tatu ni ala ngumu inayofunika triga yote na isiyolegea ukikimbia. Hapa usione uchungu wa fedha. Bastola iliyochomekwa kiunoni bila ala, nyuma ya mkanda, juu ya bodaboda inayoruka mashimo ya barabara ya Vuga, inangoja tu pindo la shati liingie kwenye triga. Na la nne ni magazini ya akiba, kwa kuwa bastola nyingi zinapokwama tatizo huwa magazini, na ukiwa nayo moja hutajua kama inayougua ni hiyo au bastola.

Triga iache. Glock ya kawaida hutoka kiwandani ikihitaji uzito wa kama kilo 2.5 kwenye kidole, na uzito ule una maana yake: hofu ikikushika, vidole hukaza vyenyewe. Mtu anayebadilisha springi ili triga iwe laini amejiondolea kizuizi cha mwisho. Matengenezo yoyote ya ndani ni ya fundi mwenye leseni, na namba ya silaha haiguswi hata kwa msasa wa kuondolea kutu. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haina utani hapo, na namba inayosomeka nusu itakufanya ueleze mambo ambayo hukuyafanya.

Mazoezi. Risasi ni ghali na idadi unayoruhusiwa imeandikwa kwenye karatasi zako, kwa hiyo sehemu kubwa ya ujuzi itapatikana nyumbani bila kulipua chochote. Soma kwanza kitabu chako kama bastola yako inaruhusu kufyatuliwa tupu. Nyingi za sasa zinaruhusu, baadhi za zamani huvunjika sindano. Chagua chumba kisicho na risasi hata moja, ipakue mara mbili kama nilivyosema, elekea ukuta wenye ukingo wa udongo nyuma yake. Kisha chukua sarafu ya shilingi 100, iweke juu ya slaidi karibu na alama ya mbele. Bonyeza triga polepole hadi isikike “tak”. Sarafu ikianguka, umeivuta. Triga haivutwi kama kamba ya mbuzi, inakandamizwa kama unavyokandamiza pichesi kujua kama imeiva. Mimi wiki ya kwanza sarafu ilikaa mara mbili katika kumi. Baada ya mwezi ilikaa tisa. Dakika kumi kwa siku zinatosha, na ukimaliza sema kwa sauti, “Nimemaliza,” uifungie. Hatari ya mazoezi haya iko kwenye ile “moja ya mwisho” ambayo mtu huirudia baada ya kuweka risasi.

Kupiga kwa kweli usikufanyie shambani, hata kama shamba lako ni kubwa na korongo ni refu. Mlio unazunguka milima hii kama radi na nusu ya kata itajua. Mwombe mkuu wa polisi wa wilaya akuelekeze uwanja wa shabaha unaoruhusiwa, nenda na mtu anayejua, vaa kinga ya masikio na miwani. Anza karibu, hatua nne au tano tu, kwenye karatasi tupu. Anza na risasi moja katika magazini. Teke la kwanza litakushtua, na mshtuko ule ukitokea hakuna risasi ya pili inayofuata kwa bahati mbaya. Kisha mbili, kisha tano. Soma karatasi yako. Ukitumia mkono wa kulia na matundu yote yamelundikana chini kushoto, usiguse alama za kulengea. Unaubana mkono mzima kwa kuogopa mlio. Mwenzako akuchanganyie risasi bandia ya mazoezi bila wewe kujua iko ya ngapi. Itakapofika zamu yake, utaona mwenyewe mtutu ukiinama kama jogoo anayedona. Nilicheka siku ile, kisha nikaona haya.

Ukirudi, osha mikono na uso kwa sabuni kabla ya kula au kubeba mtoto. Moshi wa risasi una risasi yenyewe, ile madini, na haifai tumboni.

Tochi nimeiacha hadi hapa kwa makusudi. Ndiyo kitu kilichobadilisha bastola yangu kuliko vyote. Mwezi wa tatu wa umiliki nilikuwa nalala nayo chini ya mto, kwa ujinga. Usiku wa manane mbwa alibweka, nikasikia komeo la mlango wa jikoni likijaribiwa taratibu, mara mbili. Nilikuwa nimeshaishika na nimeshasimama kabla akili haijaamka. Ukungu ulikuwa umejaa uwanjani, na katika mwanya wa mlango niliona kimo cha mtu na kitu kirefu begani. Nilikuwa nimeiinua. Kilichoniokoa ni kikohozi. Nilikijua. Alikuwa mtoto wa dada yangu, amefika Soni na basi lililochelewa, amepanda bodaboda, na hakupenda kuamsha nyumba. Kile kirefu kilikuwa mwavuli. Niliiweka chini nikaenda kumfungulia. Hadi leo hajui.

Asubuhi yake nilinunua tochi kali na kasha la chuma la kupigilia ukutani. Tochi ishikwe mkono wa pili, isifungwe kwenye bastola. Duka litakuuzia ile ya kufunga chini ya mtutu, lakini fikiri: kumulika kila kitu utalazimika kukielekezea mtutu, awe mbuzi au mwanao. Na kabla ya tochi kuna mdomo. Uliza “Nani?” kwa sauti kubwa, mlango ukiwa umefungwa. Uliza mara ya pili. Mtu wa heri atajibu. Mtu wa shari, mara nyingi, akijua nyumba imeamka huondoka. Piga simu kwa majirani na polisi ukiwa ndani na watoto, na usitoke kwenda kumtafuta mtu gizani kwenye mteremko anaoujua kuliko wewe.

Kuna wanaoinunua bastola kwa ajili ya fedha za soko, kama yule anayepeleka kabichi na karoti kwenye malori ya Dar es Salaam na kurudi Soni na mafungu ya noti. Kwa huyo nina neno fupi: punguza noti. Fedha ikipita kwenye simu au benki hakuna anayekuvizia kwa ajili yake, na mtu akikurukia kwa nyuma stendi, bastola iliyo kiunoni mwako ni ya yule mwenye mikono miwili huru.

Nyumbani, watoto wasidanganywe kwamba haipo. Watoto wa Vuga hujua hata sukari ilipofichwa. Waambie ipo, haiguswi, na wakiona silaha popote wasimame, wasiiguse, waite mkubwa. Ufunguo ukae mwilini mwako. Ukienda kunywa, hata kikombe kimoja cha pombe ya miwa, bastola ibaki ndani ya kasha. Ukisafiri kwa muda mrefu, uliza kituo cha polisi kuhusu kuihifadhi kwao. Ikipotea au ikiibwa, toa taarifa saa hiyohiyo, siyo baada ya kuitafuta wiki nzima kwa waganga.

Karatasi nazo ni sehemu ya silaha. Mwaka 2016 wamiliki nchi nzima waliitwa kuhakiki silaha zao, na waliopata shida ni wale ambao karatasi zilikuwa zimeliwa na panya au ziko kwa shemeji. Weka nakala mbili, moja nje ya nyumba. Andika daftari: tarehe, risasi ulizonunua, ulizopiga, zilizobaki.

Na mweleze mkeo au mumeo jambo ambalo hakuna anayependa kulisema. Bastola hairithiwi kama shamba la chai. Nilimketisha mke wangu jikoni nikamwambia, “Mama Asha, siku nikifa, usilifungue lile kasha, wala asilifungue kaka yangu. Waite polisi walichukue wao, na daftari hili uwape.” Akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana. Alilichukua daftari, akalifunga kwenye mfuko wa nailoni dhidi ya unyevu, akaliweka chini ya kanga zake, kisha akaandika tarehe ya mwisho ya leseni kwa kalamu nyekundu kwenye kalenda ya ukutani, pembeni ya siku ya kupanda maharage.